Gauni la Rangi ya Siagi

Siku ile barazani tulikuwa wanne. Mimi, nyuma ya cherehani aliyotuachia mama. Mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa amefika asubuhi kutoka Robanda, kwenye kambi ya watalii anakofanya kazi, kwa mapumziko yake ya siku nne. Mama muuza mitumba, ambaye tumepanga naye baraza moja hapa Bomani, yeye kulia na belo zake za nguo, mimi kushoto. Na mteja wangu mmoja, mke wa mchimba dhahabu, mwenyeji wa upande wa Shinyanga, aliyekuja kupimwa. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu lile gauni, na mimi ndiye niliyeyabeba yote.

Masika yalikuwa yamekolea. Tope lilifika mpaka kwenye ngazi. Mdogo wangu alivua mabuti, akanawa miguu, akaingia nyuma ya pazia ninapowapimia watu. Alipotoka alikuwa amevaa gauni refu la rangi ya siagi, lenye maua madogo madogo ya kijani, mikono imejaa kama maputo na kubanwa kwenye kiwiko. Lilikuwa na bitana ndani, na kiuno kilimkaa kama kimechorwa. Katika tope lile, rangi ile. Mteja wangu alishusha mikono niliyokuwa nimemwambia aiinue.

"Hilo," akasema. "Dada fundi, achana na kile nilichokwambia. Nataka hilo."

Mama muuza mitumba alisogea, akashika mkono wa gauni kwa vidole viwili kama anavyoshika nguo anapofungua belo. Huyu mama anajua majira ya nguo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Anaweza kukwambia sketi ilivaliwa mwaka gani huko ilikotoka kwa kuangalia urefu wake tu.

"Hili umelitoa wapi, mwanangu?"

"Nimelipata," mdogo wangu akasema, anacheka.

"Umelipata. Nguo wanayovaa huko mwaka huu, mimi naipata ikishawachosha. Miaka miwili, mitatu. Mikono hii haijafika kwenye belo."

"Basi mimi nimeliwahi."

"Labda limekuja kwa ndege, likakuona, likashuka."

Mteja alicheka mpaka akakaa. Mdogo wangu naye alicheka, kisha akaanza kueleza. Alisema wageni wanaokuja kambini miezi hii ni wachache, ila wanatoka kwenye baridi. Huko kwao baridi ndiyo inakatika, majani yanaanza kuchipua, basi wanawake wanafungia nguo nzito na kununua nyepesi. Kila mwaka wana rangi yao. Mwaka huu ni siagi, na kijani cha jani changa, na mikono ya kujaa. Mwaka jana maua yalikuwa makubwa, mwaka huu yamekuwa madogo.

"Wewe unajuaje?" nikamuuliza.

"Nafua, dada. Zote zinapita mikononi mwangu."

Neno lile lilinikaa kifuani. Nilishika futi nikaendelea kumpima mteja, na nikakosea kifua, nikapima mara ya pili.

"Wewe ni fundi," mdogo wangu akaniambia. "Niambie wewe limetoka wapi."

Nikamjibu kwamba niko kazini.

Ni lazima niseme jinsi alivyofika kambini. Wazazi wetu walipofariki mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Waliokuja kutufariji waliondoka na ng'ombe wa baba mmoja mmoja, kila mmoja na maelezo yake, na mimi nikajifunza kuhesabu vikombe kila mgeni anapoaga. Shule niliacha muhula uleule. Cherehani ndiyo iliyobaki, kwa sababu niliilalia mlangoni mpaka watu wote wakatawanyika. Kwa cherehani ile nimewalea wadogo zangu watatu. Huyu anayenifuata alitaka kukaa nayo pia. Nilimkatalia. Sikutaka wote wawili tukae tukisubiri mteja alete kitambaa. Nilitaka mmoja wetu awe na mshahara wa mwisho wa mwezi. Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa dobi kwenye kambi ya watalii karibu na Robanda, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja kabla hajahamia huko. Nilimpigia magoti. Nikamwambia amchukue mdogo wangu, na siku kitakapopotea kitu cha mgeni, hata kitambaa cha mkononi, asimtafute yeye, anitafute mimi.

Neno hilo ndilo lililokuwa mlinzi wake kwa miaka mitatu. Na kwa kazi yake ndiyo mdogo wetu wa mwisho anasoma.

Jioni ile alivua gauni, akalitundika kwenye msumari juu ya meza ya kukatia. Alisema kesho yake anakwenda Machochwe kumwona bibi, atalala huko siku mbili kabla ya kurudi kazini.

"Nakuachia," akasema. "Iangalie hiyo mikono, liangalie vizuri, halafu uniambie."

Ungekuwa wewe labda ungemuuliza palepale. Mimi nilizoea kujua kwanza ndipo niulize. Hivyo ndivyo nilivyomkamata mdogo wetu wa kiume akiuza mahindi ya ndani, na ndivyo nilivyojua kwamba baba mdogo alikuwa na kitabu cha benki cha baba. Mtu ukimuuliza kabla hujajua, unampa nafasi ya kutengeneza jibu.

Alipoondoka asubuhi, nilifunga mlango nikaligeuza lile gauni. Shingoni hapakuwa na lebo. Nilitafuta ubavuni, hapakuwa na lebo. Nguo za mtumba zina lebo, na za dukani zina lebo. Isiyo nayo, mtu ameitoa. Kitambaa kilikuwa kizito kidogo, cha nje, si cha maduka yetu. Bitana ilikuwa imefungwa pande zote, imepigwa mashine, mshono umenyooka kama wa kiwandani. Nilinusa. Lilinuka sabuni ya kambini, ileile anayokuja nayo kwenye nguo zake. Nikakaa nalo mapajani.

Mama muuza mitumba alichungulia. "Bado unalitazama?"

"Natazama mikono."

"Mimi nisingekuwa na hofu na mikono," akasema. "Mteja wako jana alipotoka hapa aliniuliza kama kambini kule huwa hawakagui mabegi." Akageuka kurudi kwenye belo zake. "Sisemi kitu. Nakwambia alichosema."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama mgeni wa juzi kutoka Shinyanga ameshawaza, basi Bomani nzima itawaza, na habari itafika Robanda kabla yangu. Niliona ni bora niifikishe mwenyewe. Nilijiambia kwamba nikilirudisha mimi, kwa mkono wangu, kwa neno langu lile, atasamehewa na kubaki kazini. Lakini akisubiri mgeni alalamike, atafukuzwa. Niliona naokoa.

Kesho yake nililikunja kwenye gazeti, nikapanda basi la Mugumu alfajiri, na kutoka Mugumu nikachukua bodaboda. Kijana wa bodaboda alikuwa akiniuliza kama nimepata kazi kambini, hongera mama. Mashamba ya watu yalikuwa yamewekewa miiba na makopo ya kutishia wanyama, na tembo walikuwa wamepita hata hivyo.

Msimamizi alinipokea uani, kwenye kamba za nguo. Nilimwamkia shikamoo. Wafuaji watatu walikuwa wanaanua mashuka. Nilipaswa kumwomba tukae pembeni. Sikumwomba. Nilifungua gazeti palepale.

"Nimekuja kurudisha," nikasema. "Nilikwambia kikipotea kitu unitafute. Sijasubiri unitafute."

Alilishika, akaligeuza, akaniangalia.

"Hakuna mgeni aliyepoteza gauni."

"Labda hajajua."

"Mama, mimi nguo za wageni naziandika zikiingia na zikitoka. Hili halijawahi kuingia hapa." Lakini wale wafuaji walikuwa wameshasimama, mashuka mikononi, na mmoja wao alikuwa ameshamwita mlinzi. Msimamizi akashusha sauti. "Ungeniambia peke yangu. Sasa limesemwa mbele za watu, lazima meneja ajue. Na akijua, kuna utaratibu."

Utaratibu ulikuwa kwamba sanduku la mfanyakazi linafunguliwa mbele ya mashahidi. Shahidi mmoja nilikuwa mimi. Chini ya nguo zake walikuta daftari la shule na mfuko wa vitambaa. Meneja alifungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa na gauni limechorwa kwa penseli, mbele na nyuma, na pembeni jina la mwezi, na maelezo kwa mwandiko wake: mkono umekatwa hivi, mikunjo kumi na miwili, kiuno kipo juu ya kitovu. Miaka mitatu ya nguo za watu. Ndani ya mfuko mlikuwa na mabaki ya kitambaa cha siagi chenye maua ya kijani, na kipande kirefu chenye matundu ya pete juu.

"Hili ni pazia," msimamizi akasema. "Ni mapazia ya mtumba, aliyanunua mnadani. Nilimwona nayo. Alisema ni ya bibi yake."

Kisha akachukua wembe. Alitaka kumwonyesha meneja kwamba si nguo ya kiwandani, hakuwa na nia mbaya. Alipasua bitana ubavuni, kutoka kwapani mpaka kiunoni.

Ndani ya mshono palikuwa na kitambaa cha ziada, upana wa vidole vitatu, kimekunjwa na kubanwa kwa uzi wa mkono, tundu kwa tundu. Kiwanda hakiachi vidole vitatu. Mafundi wengi wa hapa mjini huacha kimoja. Mama alikuwa akiacha vitatu, kwa sababu alisema mwanamke atanenepa, atazaa, atakonda, na nguo ni moja. Na alikuwa akimalizia kwa mafundo mawili yaliyokaa bega kwa bega. Mimi naacha vitatu. Hakuna mwingine. Yale mafundo mawili yalikuwa pale, kwenye pazia la mnadani, na mimi nilikuwa nimelala nalo gauni lile siku mbili nikitafuta lebo.

Mdogo wangu aliniambia niliangalie vizuri. Alitaka nipasue bitana mwenyewe, nione, nicheke, nimkabidhi kiti cha cherehani. Alishona kwa cherehani ya kambini ya kurekebishia mashuka, saa za chakula cha mchana, kwa ruhusa. Hayo nilielezwa na msimamizi tukiwa tunatembea kwenda getini, gauni nimerudishiwa, liko kwapani. Aliniambia pia kwamba meneja amesema hakuna wizi. Ila daftari lile halikumpendeza. Mtu anayechora nguo za wageni asikae karibu na nguo za wageni. Mdogo wangu akirudi ataanzia jikoni, kwenye masufuria, na mshahara wa jikoni ni mdogo.

Nilimkuta barazani, ameshatoka Machochwe, amekaa kwenye kiti cha wateja, sahani ya ugali wa mtama, unga aliopewa na bibi, ameifunika kwa ajili yangu. Alikuwa ameshapigiwa simu. Mama muuza mitumba alikuwa anapanga viatu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Kula kwanza," mdogo wangu akasema.

"Nisamehe."

"Kula, kinapoa." Akangoja nimalize tonge la kwanza. "Dada, wewe ulimwambia kikipotea kitu waje kwako. Hakikupotea kitu. Ukaenda wewe."

Nilichukua gauni, nikatafuta uzi wa rangi ile, nikakaa kwenye cherehani. Aliuweka mkono wake juu ya gurudumu, taratibu.

"Usilishone."

"Ni dakika tano tu."

"Najua ni dakika ngapi. Hilo walilipasua mbele ya watu. Uliniita mwizi uani, kwenye kamba, wale watatu wakiwa wamesimama. Nenda useme palepale, wao wakiwepo, na meneja akiwepo. Ukishasema, nitalishona mwenyewe. Kabla ya hapo liache lilivyo."

Sikuzoea kuambiwa la kufanya na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini niliitika.

Nilikwenda wiki mbili baadaye. Nilifika Mugumu, nikaambiwa barabara imekatwa na maji, nikageuka. Naweza kusema ni maji. Bodaboda mmoja alisema anajua njia ya kupita juu, na mimi nikamwuliza maswali mengi mpaka akampakia mtu mwingine. Mara ya pili msimamizi alikuwa likizo, nikasema bila yeye haitakuwa sawa. Sasa mvua zimekwisha, barabara imekauka, msimamizi amerudi.

Mdogo wangu yuko jikoni kambini. Anatuma fedha za shule kama zamani, zimepungua kidogo, na kwenye simu hunisalimia vizuri na kuuliza habari za cherehani.

Mke wa mchimbaji amerudi mara tatu. Anasimama mbele ya msumari, anatazama rangi ile ya siagi.

"Hivi huyu aliyelishona, hawezi kunishonea?"

"Mwulize mwenyewe akija."

"Anakuja lini?"

Mama muuza mitumba ananiangalia kutoka upande wake. Gauni liko pale pale, bitana imeachama kutoka kwapani mpaka kiunoni, vidole vitatu vya mama vinaonekana kwa kila anayepita barazani. Basi la Mugumu linaondoka kila alfajiri. Sijaenda.