Mshono wa Kwanza wa Nigora

Saa moja asubuhi mjini Kulob, Nigora Safarova amepiga magoti uani, anaipiga pamba kwa fimbo mbili. Fimbo inapanda, fimbo inashuka; pamba inafura kama unga wa mkate ulioumuka. Nyusi zake zimeshakuwa nyeupe kwa vumbi la pamba.

Ni pamba ya magodoro kumi ya harusi ya Sabohat, msichana wa miaka ishirini. Leo yanaanza kushonwa.

Nigora ana miaka 41, na huu ni mwaka wake wa kumi na mbili katika kazi hii. Kila godoro humpa somoni arobaini, pesa za huko. Lakini mshono wa kwanza hajawahi kuutia. Huo ni wa mwanamke mwenye mume hai na watoto tele, ili bahati yake imwangukie bibi harusi. Mjane hukaa nje mpaka aitwe.

Mumewe alirudi kutoka vibaruani Urusi akiwa na VVU bila kujua. Alifariki Nigora akiwa mjamzito.

"Nikapimwa, nikaanza dawa," anasema. "Parvina wangu akazaliwa salama. Ana miaka kumi na tatu, na mdomo wa miaka arobaini."

Habari zilipovuja, wateja walimkimbia. Walidai virusi vimelala ndani ya pamba.

"Nikawaambia, shoga zangu, virusi havilali godoroni peke yavyo. Vinangoja wawili wasiopima."

Wakarudi mmoja mmoja, na tangu hapo Nigora humwuliza kila bibi harusi: "Umepima? Na yeye je?" Sabohat na mchumba wake, Daler, aliwapeleka kliniki mwenyewe. Daler akakutwa na kaswende.

"Nilitaka kutoroka," anasimulia Daler, ambaye sasa huwasimulia kisa hiki vijana wenzake wote wanaorudi kutoka Urusi. "Mama Nigora kakaa mlangoni, anatafuna mbegu za alizeti. Kaniambia, 'Pita, mwanangu, ila utapita juu yangu.'"

Alichomwa sindano, akapona. Wote wawili wakapima tena, wako salama.

Sasa wanawake wamejaa chumbani. Hariri imetandazwa juu ya pamba. Nigora anainuka akakae nje.

"Unakwenda wapi, shangazi?" Sabohat anamshika mkono. "Sindano ya leo ni yako."

"Mjane haanzi," anakatiza bibi yake Sabohat, Bi Oysha.

"Bibi, yule mama wa watoto saba uliyemwita aanze magodoro ya dada yangu, ndoa hiyo ilidumu miezi mingapi?"

Mmoja anachekea ndani ya mtandio.

"Mitatu," anakiri Bi Oysha.

Anachukua sindano, anatunga uzi kwa macho yake mabovu. Mara ya nne ndipo unapita. Anamkabidhi Nigora.

"Na usishone ovyo."

Nigora anatia mshono wa kwanza; unapinda kidogo. Hakuna anayesema ufumuliwe.

Baadaye, akimimina chai, Nigora anasema miaka yote alijiuliza ni nani atakayeanza magodoro ya Parvina, huku yeye, mama mzazi, amewekwa nje. Hariri nyekundu ameshaihifadhi sandukuni.

"Bado sana, asome kwanza," anasema. "Ila siku hiyo ikifika, mtu asinitafute uani."