Maabara Masasi: hata maji matupu yalinisomea mbolea

Wakuu, kwema? Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa.

Ni miaka ile soko huria linaanza. Ushirika umelegea, kila mwenye kibanda Masasi anauza pembejeo. Mimi nilikuwa fundi wa kamaabara kadogo, kijana, najiona profesa.

Akaja Baba Hadija wa Lisekese, mtu mzima, na kopo la mbolea ya kukuzia. Kanunua mifuko miwili kwa mfanyabiashara mgeni na ana mashaka nayo. Mahindi yake yameshafika magotini, hayasubiri.

Test yenyewe ni diffusion, yaani gesi kusambaa. Kisahani cha kioo kina vyumba viwili. Cha nje unaweka mbolea na dawa ya kuitoa amonia, cha kati asidi ya pinki. Unafunika, unapaka mafuta ukingoni hewa isivuje. Gesi inahama yenyewe. Asidi ikigeuka kijani, mbolea ni ya kweli.

Sasa, vaselini ilikuwa imeisha. Nikaenda kwa dada Somoe, saluni ya jirani, nikaomba mafuta mazito. Alikuwa na mteja, akanionyesha kopo kwa kidole. Nikachota.

Kesho yake, kijani! Nikamwambia mzee, "Weka yote."

Wiki mbili baadaye karudi.

"Mwanangu, mahindi yanaungua."

Nikarudia test: kijani. Nikaweka sukari: kijani. Maji matupu: kijani!

Jamani, maji yana amonia tangu lini? Nikalaumu asidi, nikalaumu visahani, nikafikia kulaumu popo wa darini. Nilichanganyikiwa hadi nikaogopa kichwa changu ndicho kibovu.

Siku moja nimekaa mlangoni, harufu kali ikanifikia kutoka saluni. Somoe anampaka mtu kalikiti, ile dawa ya nywele iliyokuwa fasheni. Kopo ni lile lile! Amonia tupu, nami nimeipaka ukingoni kwa mkono wangu, harufu yake nikidhani ni ya maabara.

Nikanunua vaselini, nikapima upya. Pinki. Nikaionja ile mbolea, jambo ambalo maabarani ni mwiko. Chumvi.

Nikapiga baiskeli hadi Lisekese.

"Shikamoo, Baba Hadija."

"Marahaba."

Nikaeleza yote, pamoja na kalikiti. Hakufoka. Heri angefoka.

"Mashaka nilikuwa nayo mwenyewe," akasema. "Wewe ndiye uliyeniondolea."

Funzo: kabla hujapima cha mtu, pima maji matupu. Wenye maabara nisemeni mnavyotaka, nimestahili. Ila mwenye jibu ambalo ningempa mzee pale aliandike hapa chini, maana mimi niligeuza baiskeli nikaondoka.