Mwandishi wa Madansi ya Mjini Aliyelima Maharage Keza

Jumanne asubuhi nilikuwa nachuma majani ya maharage, nikasikia yowe upande wa kisimani. Wasomaji wangu mnanijua, mimi si mtu wa kukimbia, lakini siku hiyo nilikimbia. Nikamkuta jirani yangu, yule mkimbizi tuliyempa kiwanja pembeni ya migomba yangu hapa Keza, amelala kando ya ndoo yake, ameshakata roho. Jana yake tulikuwa tunacheka pamoja.

Alikuja kwetu kambi zikiwa zimejaa pomoni, hana mume, hana mtoto, hana hata sufuria. Alilima maharage kama sisi, ila vibaya. Alichokiweza ni kutunga. Alikuwa akiandika riwaya ya vijana wa mji mkuu wa kwao kabla ya vita: wavulana wa suti nyeupe, wasichana wa viatu vya visigino, dansi la Jumamosi katika hoteli ya kando ya ziwa, mwenye gari akimtania mwenye pikipiki. Jumapili baada ya misa akina mama, wenyeji na wakimbizi, tulikaa tukipukuchua mahindi naye akitusomea. Mimi niliona ni upuuzi, na nilimwambia. “Watu wanalala chini ya maturubai, wewe unatuhesabia vifungo vya koti?” Akajibu bila kuinua macho, “Mukecuru,” ndivyo kwao wanavyomwita bibi kizee, “tulivyokufa kila mtu anajua. Tulivyokuwa tukivaa, nani anajua?” Wenzangu wakacheka, nikaendelea kupukuchua.

Kipenzi cha wasikilizaji alikuwa Silvani, kijana wa hadithini anayecheza mpaka wapiga muziki wachoke. Siku moja akaanguka na pikipiki, sura ikaishia yuko hospitali. Alhamisi kwenye jumuiya, wakati wa maombi, mama mmoja akasema kwa sauti, “Tumwombee Silvani, mgonjwa wetu, apate nafuu.” Sote tukaitikia, “Ee Bwana, utusikie.” Mwenzake akamgusa kwa kiwiko: “Wewe, huyo ni mtu wa kitabuni.” “Hata kama. Si ameumia?” Mwandishi akasimama, akatoka. Nikamfuata nikidhani amekasirika, nikamkuta ameshika shina la mbuni, analia. Silvani ni kaka yake, akaniambia. Jina amelibadilisha, lakini dansi ni lake na pikipiki ni yake. Vita vilipoingia mjini alitoka kutafuta mkate, hakurudi, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumtaja mbele ya Mungu.

Nikamwambia la kufanya. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, tunazika shina la mgomba, tunalia, kisha tunarudi shambani. Asipozikwa, matanga hayaishi. “Mzike, umalize na kitabu.” Akafuta uso kwa kanga. “Nimzikie mgomba, na Jumamosi ana dansi?” “Dansi la kwenye karatasi, binti yangu.” “Ndilo alilobaki nalo.” Akaendelea. Silvani akapona, akashona suti mpya, akachumbia. Kila tulipouliza vita vinaingia lini, alisema bado, kwanza harusi. Ile siku ya mwisho tuliyocheka ndipo aliponiambia kwamba yuko tayari: maharage yakishavunwa, nimchagulie mgomba.

Miaka hii nimewaona wengi wakivuka mto wa mpakani na watoto mgongoni. Wengine wamebeba wafu wao hivyo hivyo, wanalima nao, wanapika nao, hawawatui. Siwacheki. Lakini mzigo usiotuliwa na mwenyewe hutuliwa na watu wengine, nao hawajui ndani mna nini.

Tulimzika Jumatano. Akina mama, niliowasimulia habari za kaka yake usiku wa msiba, walikata mgomba wangu bila kuniuliza, wakachimba shimo la pili pembeni. Katekista akafungua kitabu cha sala, akatugeukia. “Huyu wa pili anaitwa nani?” Wakimbizi wenzake hawakujua. Mimi niliyeambiwa yote sikuambiwa hilo, wala sikuuliza. Mama yule wa maombi akasema taratibu, “Silvani.” Katekista akasoma, “Umpokee mtumishi wako Silvani,” nasi tukatupa udongo.

Wewe unayesoma hapa, uwe umevuka mto au umezaliwa huku kwetu Nyakisasa, kama una mtu wako ambaye hakuzikwa, usingoje mavuno. Mwite jirani leo, umwambie jina la mtu huyo, lile alilobatizwa nalo, na umfanye alirudie mpaka alishike.