Tulivyozamia Chole Mbili

Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye bwawa moja la Dar es Salaam, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu wangu. Nikanogewa, nikaanza kozi ya kuzamia kwa mtungi wa hewa. Mwaka huu ilibaki mbizi moja tu nipate cheti: kushuka hadi kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Chole, Mafia. Hoteli ya kule hufungwa masika yakikaribia, na Jumamosi ile ilikuwa mbizi ya mwisho ya msimu. Nikiikosa, muda wa kozi unaisha, naanza upya.

Ijumaa alfajiri, baada ya swala, tuliondoka nyumbani Misugusugu kwa gari la kukodi. Nilikuwa na wifi yangu Mwajuma, dada wa mume wangu. Haogelei, ila alisema lazima awepo mtu wa kurudisha habari nyumbani.

“Tunaelekea wapi, dada?” aliuliza dereva wetu, Hamisi.

“Chole. Tunakwenda kuzamia.”

“Ahaa! Nimekusoma,” akacheka sana. Sikujiuliza anacheka nini. Mimi, ninayefundisha watu udereva pale Kibaha, nilisinzia kabla hata hatujaiacha Misugusugu.

Saa tatu asubuhi niliamshwa na harufu ya pilau. Nje niliona mikorosho, turubai la bluu, na akina mama wamezunguka masufuria.

“Tumefika Chole,” Hamisi akatangaza.

“Bahari iko wapi?”

“Bahari ya nini tena? Si mmesema mnakuja kuzamia? Nimeulizia njiani, harusi yenyewe hii hapa. Nimewawahisha, mtakaa mbele kabisa.”

Hapa nieleze taratibu. Mkoa wetu wa Pwani una Chole mbili: moja ni kisiwa Mafia, nyingine ni kata ya Kisarawe, bara kabisa. Na kuzamia kuna maana mbili: kushuka chini ya maji, na kuingia kwenye shughuli ambayo hukualikwa. Hamisi alipata nafasi mbili za kuchagua na akakosea zote mbili, kwa moyo mweupe kabisa.

Mama mwenye shughuli, aliyesikia yote, alitujia na mwiko mkononi.

“Shikamoo, mama,” nikasema.

“Marahaba. Nyie ndio wazamiaji?”

“Mama, sisi tunazamia baharini. Tumepotea.”

Alicheka mpaka akaushikilia mlango wa gari. “Basi huku kwetu labda mzamie kisimani! Haya, shukeni mle. Kwangu haondoki mtu na njaa.”

“Mama, boti inaondoka mchana.”

Nikageuka kumtafuta Mwajuma. Alikuwa ameshanawa mikono.

“Wifi, boti!”

“Boti ina pilau?” akajibu bila kuinua macho.

Mama yule alitufungia pilau kwenye majani ya mgomba, akamwelekeza Hamisi njia ya mkato. Tukakatisha Maneromango, tukatokea Mkuranga, tukapita Kibiti bila kusimama, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nikiangalia saa kila baada ya dakika mbili.

Saa nane mchana tuliingia bandari ya Nyamisati. Boti ya Mafia huondoka maji yakijaa, na siku ile yalichelewa kidogo. Tulipanda huku kamba ikifunguliwa, Mwajuma akipokewa kwa mkono na abiria wawili, pilau kwapani.

Jioni tulifika kisiwani. Hoteli ni vibanda vya makuti vinane, taa zinatumia jua, maji ya kuoga ni ya mvua iliyokingwa. Choo hakina maji ya kuvuta; ukimaliza unamwaga kopo la majivu na vumbi la mbao, baadaye inakuwa mbolea ya mipapai.

“Hakinuki?” Mwajuma alimuuliza mwenyeji wetu, Bi Rehema.

“Nusa mwenyewe, shoga.”

Akanusa. Akarudi, akaomba papai.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilivaa suti ya mpira inayobana kuanzia shingoni hadi vifundoni.

“Wifi, umekuwa kambare!” Mwajuma alipiga makofi.

Mkufunzi, Salum, alinikumbusha: ukishuka, maji yanabana masikio, kwa hiyo unabana pua na kupuliza kwa ndani, polepole, mpaka yafunguke. Tulipofika mita tano chini ya maji, sikio la kushoto likagoma. Nikapuliza kwa nguvu. Likauma kama limechomwa sindano. Salum akaniashiria nipande kidogo. Nikapanda, nikashuka, likagoma tena. Alionyesha saa yake. Nilielewa: mara moja tu tena, kisha tunarudi juu.

Nikapanda mita moja. Safari hii sikupuliza kwa nguvu. Nilimeza mate, nikainamisha kichwa, nikapuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Sikio likalia “pwii”, likafunguka.

Halafu meli ikatokea. Kwanza kivuli, kisha ubavu mzima umevaa matumbawe ya zambarau, na samaki wa njano wakiingia na kutoka madirishani kama wana shughuli zao. Chewa mkubwa alikaa mlangoni akinitazama. Nilicheka mpaka miwani ikaingia maji. Mita kumi na sita! Salum akanipa mkono palepale chini, na juu akanisainia kitabu cha kozi: cheti nimepata.

Jumapili tulipanda boti ya kurudi. Nilichojifunza ni kwamba kurudi juu mita moja nako kulikuwa sehemu ya kushuka. Nilikuwa nawaza namna ya kulieleza hilo vizuri, Mwajuma akanivuta mkono.

“Wifi. Masikio yangu mimi madogo. Yatafunguka?”

“Yatafunguka.”

“Nifundishe.”

Nikamfundisha kuanzia mwanzo. Tulipofika Nyamisati bado alikuwa ameibana pua, mashavu yametuna, na abiria wa kiti cha mbele wamegeuka wote kumtazama.

“Taratibu,” nikamwambia. “Usilazimishe.”