Msiba wa Gervais Kibandani kwa Damiano

Saa kumi jioni msafara umeshatoka. Punda saba wako mtoni, chumvi mgongoni, na Rahel aliyetangulia hageuki nyuma.

“Mama, usisimame katikati, mkondo huo,” Damiano anamwonya.

Rahel anatia mkono ndani ya kopo, anatoa washa, kile kipete cha chuma cha kukazia nati. Kumi na saba! Watu wanashangilia. Punda wamevuka.

Mto wenyewe haupo. Hapa ni kibanda cha fundi baiskeli, Kashaulili mjini Mpanda, na Rahel ni fundi cherehani wa jirani, futikamba bado iko shingoni. Damiano Nsokolo, miaka hamsini na tatu, ndiye anayesimulia safari. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni na humwamulia la kufanya. Kisha kopo lenye washa ishirini zilizogongwa namba husema kama ameweza. Namba kubwa, umepona. Ukitoa moja, tunakuzika.

Mchezo aliupata kwa mtalii aliyetengenezewa baiskeli akielekea hifadhini, akamwachia kitabu.

“Mimi niliishia darasa la tano. Nimekisoma kwa kamusi mwaka mzima,” anasema. “Majoka yao sikuyaelewa, nikayaacha. Nikaweka mamba.”

Mwanzoni walikuwa wanne, wakichekwa kwamba ni watu wazima wanaocheza kitoto. Leo stendi ya bodaboda ina kopo lake, saluni ina lake, na wanakwaya hucheza wakimsubiri mwalimu. Safari za Damiano husimuliwa sokoni kama mechi ya jana.

Masimulizi hayo ndiyo yaliyomponza. Mwezi wa tatu Gervais, mpaka rangi anayefanya kazi Karema, alipita kucheza, akatoa moja. Mamba akamla. Gervais akacheka, akarudi zake ziwani.

Siku mbili baadaye habari ilikuwa imefika Katumba kwa mama yake: Gervais kaliwa na mamba. Na Karema kuna ziwa, nani angebisha? Simu yake haikupatikana.

Mama huyo, Thacienne, akafika kibandani na debe la unga, kuku wawili na majirani kumi na mmoja, kilio kikimtangulia. “Mwana wanje! Mwanangu! Nionyesheni alipolazwa!”

“Mama, ni wa mchezoni!” Rahel akapiga kelele. Wakapiga simu, wakapiga tena, hadi Gervais akapokea. “Mama, mimi nipo. Niko juu ya ngazi.”

Thacienne akakaa juu ya tairi.

“Nimemlilia mtoto aliye hai,” akasema. “Huo ni mkosi. Wewe Damiano, umemuua kwa mdomo, mfufue kwa mdomo.”

“Fundi, mfufue tu yaishe,” akasema Aloyce wa bodaboda. “Unabania pumzi ya bure?”

Damiano anakiri alitamani. “Lakini nikimfufua kwa kuonea huruma machozi, kesho nani atauogopa mto wangu? Mchezo umekwisha. Na mama akiondoka na kinyongo, nani atakanyaga hapa?”

Akamsogezea kopo. “Mama, aliyekufa kwangu hafufuki. Ila kumfuata mamba sikukatazi.”

“Nimfuate na nini?”

“Na ulivyokuja navyo.”

Thacienne akatazama mizigo yake. “Basi nafunga kuku mmoja ukingoni. Majirani zangu wajifiche na majembe. Na nyie msicheke, mtamtorosha!”

Akatoa kumi na tisa.

Mamba alitoka kumfuata kuku, na majirani kumi na mmoja, ambao hawakuwahi kuuona mchezo huo, wakampiga kwa kelele hadi watu wa duka la tatu wakatoka nje kutazama. Thacienne akautoa mwili wa Gervais wa mchezoni tumboni mwa mamba, akauzika kwa maneno yake mwenyewe, taratibu, na Damiano hakumkatiza.

“Kilio changu kimepata mwenyewe,” akasema, akajifuta uso. “Sasa wa Karema ni mzima.”

Gervais bado anapaka rangi Karema. Mtu wake mpya ni mvuvi asiyejua kuogelea. Rahel ameuza chumvi na punda wawili. Aloyce anasimamia kopo la stendi na anatuhumiwa kupendelea abiria wake. Thacienne huja kwa basi kila Jumamosi, na majirani watatu. Damiano huziba pancha kwa shilingi elfu moja na anataka mabati sita aongeze kivuli cha benchi la pili. Ameshapata mawili.

Kuku waliliwa siku ile ile ya msiba, wote wawili.