Kijiti Kilichoishia Mlangoni mwa Pua

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, hapa Kisangani. Lakini kabla sijakufikisha huko, mwanangu, acha nitenganishe niliyoyaona na niliyoyasikia, maana mji huu umezika watu wengi kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Niliona watoto wa mtaa wetu wakikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Niliona makaburi mawili mafupi yakichimbwa, na katika moja nilishika sepetu kwa mikono yangu. Nilisikia, wala sikuona, kwamba ugonjwa ule ulitiwa majini na askari. Nilisikia pia kwamba wauguzi wana kijiti kirefu cha kutoboa ubongo wa mtoto kupitia puani, na kwamba mtoto mmoja wa mtaa wa Mangobo alikwisha kufa hivyo. Haya ya kusikia nayataja kwa sababu moja tu: yaliua.

Nilikuwa mwalimu kijana wa biolojia. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa majeshi ya wageni yalirushiana makombora juu ya mapaa yetu, nami nikaenda kusaidia katika kituo kidogo cha afya ambacho leo hakipo tena. Ugonjwa tulioushuku ni kifaduro. Mtoto mkubwa akishikwa na kifaduro hukohoa mfululizo, kisha huvuta pumzi kwa mlio unaotisha. Kichanga hakina hata mlio. Hunyamaza tu na kusahau kupumua. Dawa ilikuwapo mjini, katika ghala la misaada, ila mwenye funguo aliweka sharti: maabara ione kwanza kijidudu chenyewe, ndipo dawa itoke. Vijiti vikaingizwa puani mwa watoto, vikasafirishwa kwa ndege, na majibu yakarudi: hakuna kitu. Ghala likabaki limefungwa.

Jirani yangu aliitwa Mama Faila, mwenyeji wa Barumbu, huko chini ya mto, aliyekwama mjini baada ya vita kuufunga mto. Alikuwa na kichanga, Neema, aliyelala mkeka mmoja na kaka yake mkubwa, na kaka huyo alikuwa akikohoa usiku na mchana. Kila mwenye macho alijua nani anafuata.

Ndipo alipokuja Papa Alimasi. Huyu alikuwa ameongoza maabara kabla ya vita, mtoto wa moja ya familia za kale za Kiislamu za mji huu, mzee aliyefundisha wauguzi wengi na asiyempa mtu yeyote kiti cha kuegemea uvivu. Hakutusalimu. Aliyatupa majibu yale mezani na kumwambia muuguzi wetu, Bosco:

"Nionyeshe ulivyochukua."

Bosco alimwita mama wa kwanza kwenye foleni. Mama yule, kama mama yeyote wa Kisangani mwenye heshima zake, asingethubutu kumleta mtoto mwenye makamasi mbele ya mganga. Alikuwa amemvuta makamasi yote kwa kinywa chake, akamfuta, kisha akampaka ndani ya pua mafuta ya kokwa za michikichi mpaka tundu zikameremeta. Bosco akakigusisha kijiti hapo mlangoni mwa pua, akakizungusha kama mtu anayeonja mchuzi, akakitoa.

Papa Alimasi alikinyanyua kijiti kile penye mwanga wa dirisha. Kiling'aa.

"Mmepeleka mafuta maabara," alisema polepole, "na mkayauliza mafuta kama yana kifaduro. Yamewajibu kweli: hayana."

"Papa, bamama banakataa," Bosco alijitetea. "Banasema fimbo hii inafika ku bongo. Mutoto akilia kidogo tu, baniita muuaji. Njo maana ninagusa hapa mbele."

"Bon. Kwa hiyo ili wasikuite muuaji, umeamua kuwa muuaji?"

Kisha akanigeukia mimi, ambaye nilidhani lawama zinamhusu Bosco peke yake.

"Na wewe, mwalimu. Huyo mtoto wa Mangobo aliyetobolewa, umemwona?"

"Nimesikia tu, Papa."

"Basi nenda ukamwone. Usirudi na kusikia kwingine."

Nilikwenda, mwanangu. Nyumba ya kwanza waliniambia si hapa, ni kwa fundi baiskeli. Kwa fundi baiskeli waliniambia ni kwa binamu wa mkewe. Binamu alinielekeza kwa mama muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, na mama yule, akifunga majani yake bila hata kuinua uso, alisema habari hiyo imetoka kwenye kituo cha afya cha kwetu, yaani huko huko nilikotoka. Hapakuwa na mtoto, jina wala kaburi. Usinitajie tena ile methali ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nimelifuata lililosemwa kwa miguu yangu. Halikuwapo, halikuja, na bado liliweza kuua.

Nilirudi, nikawaeleza akina mama waliojaa uani. Wengine walinicheka. Mama Faila alimkumbatia Neema na kusema:

"Ata miye sitaki. Mutoto yangu iko na bongo moya tu!"

"Mama, ubongo uko juu," Papa Alimasi alimjibu. "Kijiti hiki kinapita chini, kikilala juu ya kaakaa, kinakwenda kama kinaelekea sikioni. Hakipandi."

"Basi anza na pua yako, Papa. Iko mukubwa, ata pirogi ya muto inaingia!"

Uani kukalipuka kicheko. Mzee hakucheka. Aliketi kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani na kumwamuru Bosco amwingize kijiti mbele ya watu wote. Kijiti chenyewe kilikuwa waya mwembamba wenye kitamba laini nchani. Kiliingia, kikaendelea kuingia, mpaka akina mama wakaacha kucheka. Machozi yakamtiririka mzee wa watu, Bosco akakizungusha taratibu, akakitoa, na Papa Alimasi akapiga chafya iliyowarusha kuku.

"Nani ameiona bongo yangu?" aliuliza.

Hapo Mama Faila akasogea, akamtanguliza mwanawe mkubwa.

Tukaanza upya, na safari hii kwa haki. Pua isipakwe kitu, wala isivutwe makamasi muda mfupi kabla ya kupimwa, maana hayo makamasi ndiyo tunayoyatafuta. Mtoto akae mapajani pa mama, mgongo wake kifuani pake, nami nikishika paji la uso. Kijiti kiende nusu ya mwendo wa kutoka tundu la pua hadi sikio. Kikigonga kizuizi kabla ya hapo, kisilazimishwe, kijaribiwe upande wa pili. Kikifika, kitulie kidogo kinywe unyevu, kizungushwe, kisha kitiwe papo hapo kwenye kichupa cha uji mweusi wa mkaa, wa kukitunza kijidudu hai njiani, kabla kijiti hakijakauka. Watoto walilia, na walilia sana. Hakuna aliyekufa kwa kulia.

Tulipokuwa tukingoja majibu, Neema alianza kukohoa. Mara moja alinyamaza mikononi mwa mama yake, akalegea, na mama akampuliza usoni, akampiga nyayo, akaliita jina lake mpaka pumzi ikarudi. Niliyaona hayo. Niliona pia karatasi ya majibu ilipofika: kifaduro. Ghala likafunguliwa siku ile ile, dawa ikamfikia Neema na wenzake. Dawa ile ile ingeweza kutoka kabla ya makaburi mawili, na hasira yangu juu ya jambo hilo haijazeeka pamoja nami.

Sasa sikiliza, wewe unayevaa koti jeupe leo na wewe unayempeleka mtoto kupimwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kipimo kilichochukuliwa kwa kumwonea mtu haya si kipimo. Ni uongo wenye muhuri. Jibu la "hakuna" lina thamani tu kama mkono ulifika pale palipopasa kufika. Mama akiogopa, usimdanganye kwa kugusa mlangoni. Mweleze, na ikibidi anza na pua yako. Na neno la kuogofya likikufikia, lifuate mpaka nyumbani kwake kabla hujalipeleka kwa jirani. Mungu akujalie mkono mtulivu, macho yanayotangulia ulimi, na watoto watakaokuzika wewe, wala si wewe kuwazika wao.

Utaniuliza Neema yuko wapi. Nimesikia kwamba ameolewa huko Basoko. Nimesikia pia kwamba ni mwalimu. Sikuona, kwa hiyo sisemi. Niliona kwamba mto ulipofunguliwa, Mama Faila alipanda pirogi ya kurudi Barumbu, na Neema alikuwa mgongoni pake, akilia kwa pumzi iliyojaa kifua.