Nilijifunza Kiingereza cha jikoni Mikumi, "karibu tule" nikaikosa

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa wangu shikamooni, vijana marahaba.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na siongezi chumvi.

Enzi za vijiji vya Ujamaa, wazazi wangu wa Kidete walihamia kijiji kipya, mimi nikapata kazi ya msaidizi wa jikoni kwenye hoteli ya watalii Mikumi. Mpishi mkuu alikuwa mama wa Kizungu, tukimwita Madam. Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo".

Kiingereza nilijifunzia palepale kwenye moto.

Chop the onions. Keep an eye on the rice. Let it simmer. It needs salt.

Yaani katakata vitunguu, chunga wali, acha uchemke taratibu, ongeza chumvi: zote amri, hakuna hata moja ya kupiga nayo stori!

Masika yakaingia, wageni wakakatika, wenzangu wakaenda likizo. Jikoni tukabaki wawili. Yeye anakula kwenye stuli kule, mimi nakula mkekani huku.

Wakuu, kwetu hata usiyemjua akikukuta unakula, unamkaribisha. Chakula kilikuwa hakishuki. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kuongea na sufuria.

Nikajikaza nikamuuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga na ishara za mikono: mtu akikukuta unakula, kwa Kiingereza unamwambiaje?

Akafikiri, mwiko mkononi.

"We say sorry."

Sorry, yaani samahani! Kosa gani, kula?

Kesho yake nikasonga ugali, nikaweka bakuli moja la mlenda katikati, nikaleta maji ya kunawa.

"Karibu tule, Madam."

Akanitazama. Akanawa, akaketi mkekani. Tonge la kwanza likamdondoka. La pili akalitafuna, akasema, "It needs salt."

Siku hiyo haikuwa amri. Hata mama yangu angesema hivyohivyo. Tukala pamoja masika yote.

Mkataba wake ukaisha, akarudi kwao. Sijamsikia tena.

Sasa niko Kilosa. Mke wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako Dar. Jana nimeonja mchuzi, ikanitoka kwa sauti: "It needs salt."

Nikatia chumvi, nikala peke yangu.

Funzo ni kwamba maneno ya kupikia utajifunza popote, mtu wa kula naye ndiye adimu. Ukiwa naye, weka simu chini, sogeza bakuli katikati.

Nawasoma wote, hata wa kunicheka. Na wewe leo jioni unakula na nani?